Alipofika 65 Akanyamaza: Kisa cha Randy Gardner na Siku 11 za Kukesha

Siku ya 11 bila kulala, kijana wa miaka 17 alipewa hesabu ambayo madaktari wanaitumia mpaka leo: anza na 100, toa 7, kwenye jibu toa 7 tena, endelea hivyo hadi uambiwe basi. Akaanza. 93, 86, 79, 72, 65. Kisha kimya. Daktari akangoja. Alipomuuliza mbona ameacha, kijana akajibu kuwa amesahau alikuwa anafanya nini.

Rudi uzitazame hizo namba. Hakuna hata moja iliyokosewa. Kijana hakushindwa kutoa. Mara tano alitoa sawasawa. Kilichompotea ni kazi yenyewe, yaani kwamba kuna hesabu inaendelea na yeye ndiye mwenye kuifanya. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi kinasimuliwa kama habari ya ushujaa: kijana alikaa macho siku 11, akalala, akaamka mzima. Mimi naona kimesomwa vibaya, na namba ya kutuonyesha hivyo ni hiyo 65.

Randy Gardner alikuwa mwanafunzi wa sekondari San Diego, California. Mwishoni mwa mwaka 1963, yeye na rafiki yake Bruce McAllister walikuwa wanatafuta jambo la kupeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya wanafunzi. Rekodi ya kukesha wakati huo ilikuwa saa 260, ya mtangazaji mmoja wa redio wa Honolulu. Wakarusha sarafu kuamua nani akeshe na nani aandike, na kura ikamwangukia Gardner. Aliamka tarehe 28 Desemba, na hakulala tena hadi tarehe 8 Januari 1964: saa 264 na dakika chache.

Kuna jambo dogo la mwanzoni ambalo mimi nalipenda kuliko rekodi yenyewe. McAllister, mwenye kazi ya kuandika, naye alijaribu kukesha ili asimwache mwenzake peke yake. Baada ya usiku tatu alizinduka akiwa ameegemea ukuta, kalamu mkononi, anaandika kumbukumbu za utafiti kwenye ukuta. Mkono ulikuwa unaendelea na kazi, karatasi haikuwepo. Ndipo wakaona hawawezi kuendelea wawili, wakamwita rafiki wa tatu, Joe Marciano, waje kupokezana zamu.

Habari ilipofika magazetini, William Dement, mtafiti wa usingizi wa Chuo Kikuu cha Stanford, akafunga safari kwenda kumwona. Naye Luteni Kamanda John Ross, daktari wa kitengo cha utafiti cha jeshi la wanamaji pale San Diego, akawa anampima afya. Kwa hiyo tuna madaktari wawili, mtu mmoja, siku zilezile. Na walichokisema hakifanani.

Dement alitoka na picha ya kijana aliye imara. Alimpeleka kucheza mpira wa kikapu, akashindana naye kwenye pinboli, ile mashine ya kurusha kijipira cha chuma kwa vibawa viwili, na hata siku ya 10 Gardner alimshinda. Rekodi ilipokamilika Gardner alikaa mbele ya waandishi wa habari akajibu maswali, akionekana mwenye afya njema. Nia yake tangu mwanzo ilikuwa kuonyesha kwamba kukosa usingizi hakuleti balaa lolote, na kwa mtu aliyemwona asubuhi ile alikuwa ameonyesha.

Maelezo ya Ross ni mengine. Siku ya 2 macho ya kijana yalianza kushindwa kutulia juu ya kitu, na akipewa kitu mkononi bila kukiona alipata tabu kukitambua kwa kukipapasa. Siku ya 3 hisia zake zilianza kubadilikabadilika, na maneno ya kutatiza ulimi yakamshinda. Siku ya 4 akawa mkali, hataki kusaidiwa, anasahau. Akaona bango la barabarani akadhani ni mtu amesimama, na baadaye akajiona yeye ni mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani. Siku ya 6 akaanza kupata shida kutaja majina ya vitu vya kawaida. Siku ya 9 sentensi zake zilikatika katikati. Mwishoni uso ulikuwa hauna dalili ya hisia yoyote, sauti bapa isiyopanda wala kushuka, na ilibidi asukumwe ndipo ajibu.

Sasa, nani kati yao alikosea? Jibu la haraka ni kumchagua mmoja. Lakini sioni sababu ya kudhani kuna aliyedanganya. Walikuwa wanapima vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayotuambia kukosa usingizi kunakula sehemu gani ya ubongo.

Fikiria pinboli. Taa zinawaka, kengele zinalia, mpira unakuja mbio, mpinzani yuko kando anakungoja ukosee. Kila sekunde mashine yenyewe inakuamsha. Huhitaji kukumbuka uko wapi katika kazi, kwa sababu kazi iko mbele ya macho yako inang'aa. Mikono inafanya kilichozoeleka, na mchezo mmoja unakwisha upesi. Hata ubongo uliochoka vibaya unaweza kujikaza kwa muda mfupi ukisaidiwa na makelele kama hayo.

Kutoa 7 ni kinyume chake. Hakuna taa, hakuna mpira, hakuna kitu cha kutazama. Kila kilichopo katika kazi ile unakishikilia wewe kichwani: namba uliyofikia, kanuni ya kutoa, na agizo kwamba usiache. Ni kama ubao mdogo unaoandikwa na kufutwa kila baada ya sekunde chache, na wewe ndiye unayetakiwa kutofuta kisichotakiwa kufutwa. Kazi hiyo inategemea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo pia ndiyo inayopanga, inayozuia pupa na inayogundua kwamba umekosea. Picha za ubongo wa watu waliokesha huonyesha sehemu hii na thalamasi, kituo kikuu cha kupitisha taarifa katikati ya ubongo, zikipungua nguvu. Ubao wa Gardner ulifutika alipofika 65, na kilichofutika ni mstari wa juu kabisa, ule wenye agizo.

Kwa nini ufutike ghafla badala ya kufifia polepole? Hili watu wa mwaka 1964 hawakuwa na vifaa vya kulijibu vizuri, na sisi tunavyo. Tumezoea kudhani ubongo una hali mbili tu, macho au usingizini, kama taa na swichi yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha walichokiona kwa panya waliozuiwa kulala: mnyama yuko macho, anatembea, mawimbi ya ubongo wake kwa jumla ni ya mtu aliye macho, lakini makundi madogo ya seli za neva yanazimika kwa muda mfupi kama yanavyozimika usingizini, kisha yanawaka tena. Panya hao walifundishwa kunyoosha mkono kuchukua kipunje cha sukari. Seli za eneo la ubongo linalohusika na kazi hiyo zilipozimika kabla tu ya kunyoosha mkono, uwezekano wa kukikosa kipunje uliongezeka.

Mwaka 2017 jambo la jinsi hiyo lilionekana kwa binadamu. Kulikuwa na wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari wamewekewa nyaya nyembamba ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu yao. Walipokesha na kupewa kazi ya kutambua picha haraka, makosa yao yalitanguliwa na seli zilizojibu kwa uvivu: mwitikio wa seli ulikuwa dhaifu, ulichelewa na kuvutika. Picha imefika machoni, ila huko ndani imepokelewa na mtu anayesinzia.

McAllister mwenyewe, zaidi ya miaka 50 baadaye, aliiambia BBC kwamba uchunguzi wa mawimbi ya ubongo wa rafiki yake ulionyesha ubongo ulikuwa unajiibia vilepe vya usingizi muda wote, sehemu hii imelala, ile iko macho. Ukilichukua hilo, basi neno "kukesha siku 11" lenyewe linayumba. Mtu alikesha; ubongo wake haukukesha mzima. Ulikuwa unalala vipande vipande, bila ruhusa na bila kumwarifu mwenyewe.

Hasira ya siku ya 4 nayo ina maelezo. Ndani ya ubongo kuna amigdala, kiungo kidogo chenye umbo la lozi kinachopiga kengele mbele ya hatari na uchungu. Kwa kawaida sehemu ya mbele ya ubongo inaishika lijamu. Mwaka 2007 watafiti waliwakesha vijana kwa takriban saa 35, wakawaonyesha picha za kuudhi huku wakipiga picha za ubongo: amigdala za waliokesha ziliitikia kwa zaidi ya asilimia 60 juu ya za waliolala, na uhusiano wake na sehemu ya mbele ulikuwa umelegea. Kwa hiyo aliyekesha akikufokea kwa jambo la kipuuzi, si lazima awe amebadilika tabia. Anayeshika lijamu amesinzia.

Bango lililogeuka mtu sitalikalia sana. Macho hayamletei mtu picha kamili hata siku ya kawaida. Ubongo unajaza pengo kwa kukisia, kisha unakagua makisio yake. Macho ya Gardner yalikuwa hayatulii tangu siku ya 2, na mkaguzi ndiye yuleyule wa nyuma ya paji la uso. Makisio yakapita bila kukaguliwa. Mauzauza ya namna hii ni ya kawaida kwa waliokesha usiku kadhaa mfululizo, nao si wendawazimu.

Hapa inafaa kumtaja Peter Tripp, mtangazaji wa redio wa New York aliyekesha saa 201 mwaka 1959 ndani ya kibanda cha vioo Times Square. Yake ilikuwa mbaya zaidi: mwishoni alikuwa haamini watu na alijawa na hofu. Lakini Tripp alikuwa akipewa dawa za kuchangamsha, na dawa hizo zenyewe huweza kumtia mtu hofu na mauzauza. Ndiyo maana sikumchagua yeye. Gardner hakutumia dawa za aina hiyo, kwa hiyo tunachokiona kwake kiko karibu zaidi na usingizi mtupu uliokosekana.

Basi kwa nini hakuporomoka moja kwa moja? Mwaka 1982 mtafiti wa usingizi Alexander Borbély alieleza kwamba usingizi unaongozwa na mambo mawili yanayokwenda sambamba. La kwanza ni mzigo: kadiri unavyokaa macho ndivyo haja ya kulala inavyoongezeka. Sehemu ya mzigo huo ni adenosini, kemikali inayojikusanya ubongo unapotumia nguvu, ambayo hupungua tukilala. Kafeini haiiondoi, inakalia tu viti vyake ili isisikike, na kafeini ikiinuka adenosini iko palepale mlangoni. La pili ni saa ya mwili, kundi dogo la seli ndani ya haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, linalopandisha na kushusha ukakamavu kila siku bila kujali umelala au la. Ndiyo maana mtu aliyekesha huona saa kumi za usiku ni kama mauti, halafu jua likichomoza anajisikia afadhali, ingawa mzigo umezidi. Aliyekuja kumwona Gardner mchana na aliyemwona usiku wa manane wangeweza kuandika habari za watu wawili.

Afadhali hiyo ya asubuhi ndiyo hatari ninayoiona katika kisa chote, kwa sababu humfanya mkeshaji kuwa shahidi mbaya wa hali yake mwenyewe. Jaribio lililochapishwa mwaka 2003 na Hans Van Dongen, David Dinges na wenzao lilifanywa kwa watu wazima 48 wenye afya. Wengine waliruhusiwa kulala saa 8, wengine 6, wengine 4, kwa siku 14. Kundi jingine halikulala kabisa kwa siku 3. Kila mara walipimwa kwa kazi ya kuchosha kuliko zote: tazama kidirisha, namba ikijitokeza bonyeza kitufe, kwa dakika 10. Hakuna la kufikiri. Unangoja tu. Na kungoja ndiko ubongo uliokosa usingizi usikokuweza.

Waliolala saa 6 au pungufu waliendelea kudhoofika siku hadi siku, na kufikia mwisho upungufu wao ulilingana na wa mtu aliyekosa usingizi kabisa hadi usiku mbili. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, siku za mwanzo walisema wana usingizi, kisha majibu yakakaribia kusimama palepale. Matokeo yanashuka, wao wanaona wamezoea. Nyani haoni kundule, na nyani mwenye usingizi haoni hata kundu la mwenzake. Tangu niliposoma jaribio hilo, mtu akiniambia "mimi mwili wangu umezoea saa 5", namwuliza kajipima kwa kipimo gani. Mara nyingi kajipima kwa kujisikia.

Kuna kipimo kingine ambacho wenye kushika usukani wangepaswa kukijua kwa moyo. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid waliwalinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe, kwa kazi ileile ya mkono na jicho. Baada ya saa 17 macho, utendaji ulishuka kama wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Baada ya saa 24 ukafika karibu na asilimia 0.10. Saa 17 si mkesha. Ni mtu aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi na saa tano usiku bado yuko barabarani.

Sasa usingizi wenyewe. Asubuhi ya tarehe 8 Januari, Gardner alilazwa katika hospitali ya wanamaji, waya za kupima mawimbi ya ubongo zikiwa kichwani, akalala saa 14 na dakika 46. Aliamka mwenyewe saa mbili na dakika 40 usiku, akakaa macho hadi jioni ya siku iliyofuata, akalala saa 10 na nusu hivi. Baadaye ratiba yake ikarudi karibu na kawaida.

Piga hesabu. Mtu wa saa 8 kwa usiku alikuwa na upungufu wa saa zaidi ya 80, naye akalala saa 14 na ushei. Wasimulizi wengi wanaishia hapo: kumbe deni la usingizi halilipwi lote, basi halikuwa deni. Lakini waya zile za kichwani zilionyesha ubongo haukulipa kila kitu kwa usawa. Usingizi mwepesi uliachwa karibu wote uende zake. Kilichofidiwa kwa wingi ni usingizi mzito kabisa, ule wa mawimbi makubwa ya polepole, pamoja na usingizi wa ndoto. Dawa ya deni ni kulipa, tunasema, ila ubongo una wadai wa kwanza na wa pili, na akiba ikiwa ndogo wa pili haoni kitu.

Usingizi wa mawimbi makubwa unalipwa kwanza, na sioni ajabu. Huo ndio unaoongezeka nguvu kadiri mzigo ulivyokuwa mkubwa, na huo unashiriki katika kuhamisha yaliyojifunzwa mchana kutoka hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, kwenda kwenye hifadhi ya muda mrefu. Kuhusu ubongo "kujisafisha" usiku, habari iliyovuma tangu mwaka 2013 ilitokana na panya, na wataalamu wanabishana bado, kwa hiyo sitaipakia kwenye mgongo wa Gardner. Kilichopimwa kwa binadamu, mwaka 2018, ni kwamba usiku mmoja tu bila kulala ulitosha kuongeza beta-amiloidi, protini inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, katika hipokampasi na thalamasi za watu 20 wenye afya. Ongezeko hilo la usiku mmoja halimaanishi ugonjwa.

Ningekuwa na nafasi ya kumrudia Gardner siku ile ya 11, nisingempeleka pinboli. Ningemkalisha chumba kimya mbele ya kile kidirisha cha dakika 10, bila mpinzani, bila kamera, saa kumi za usiku. Kipimo hicho kilibuniwa miaka ya 1980, kwa hiyo hatuwezi kuwalaumu Dement na Ross. Lakini Ross alikuwa na hesabu yake ya kutoa 7, na kwa kalamu na karatasi tu alipata kile ambacho mashine yenye taa na kengele ilikuwa inakificha.

Guinness, wenye kile kitabu cha rekodi za dunia, waliacha kupokea rekodi za kukesha mwaka 1997. Gardner alimaliza shule akaendelea na maisha yake. Akiwa mzee alieleza hadharani kwamba kwa miaka mingi amesumbuliwa na kukosa usingizi, na kwamba anahisi analipia siku zile 11. Kisa cha mtu mmoja hakiwezi kuthibitisha hilo, na miongo iliyopita katikati ina sababu nyingine chungu nzima. Alikuwa analala kitandani, taa imezimwa, hakuna aliyemzuia, na usingizi hauji.